Namna ya Kutengeneza Filamu ya Mkusanyiko wa Hadithi za Kutisha Mombasa kwa Fedha Kidogo

Filamu ya mkusanyiko, yaani ile inayobeba hadithi fupi nne au tano ndani ya filamu moja ndefu, humfaa mwenye mfuko mdogo kwa sababu kila hadithi inaweza kupigwa peke yake kwa siku tatu hivi, ikiwa na waigizaji wachache na mwongozaji wake, kisha kazi ikasimama mpaka fedha nyingine ipatikane. Wengi huandika hadithi hizo kwanza, na kamba ya kuzifunga huitafuta mwisho, wakati wa kuhariri. Mimi nashauri kinyume chake. Katika Alfu Lela Ulela, tunazisikiliza ngano zote kwa hamu kwa sababu roho ya msimulizi wake, Shahrazadi, iko hatarini. Nawe anza na hadithi inayozibeba zile nyingine, yaani fremu.

Tuchukue mfano. Nyumba moja ya Mji wa Kale, stima imepotea, na watu wanne wamebaki matangani wakizunguka kibatari. Kila mmoja anaeleza mara ya mwisho alipomwona marehemu, na mtazamaji anatambua polepole kwamba siku zote zinazotajwa ni za baada ya maziko. Fremu hii inahitaji ukumbi mmoja na siku mbili za kupiga, na nyumba hiyohiyo itakupa daka, ngazi na ua kwa ajili ya hadithi nyingine. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo hadithi nne za dakika 15 pamoja na fremu ya dakika 12 zitakupa dakika 72, na hizo zinatosha.

Waongozaji wakiwa zaidi ya mmoja, wakubaliane kwa maandishi kabla ya kamera kuwashwa kuhusu mgawo wa mapato, umbo la picha (upana wake kwa kimo chake) na idadi ya picha kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo wote watumie picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha na hakuna mhariri atakayeziponya kwa urahisi. Kamera yenyewe si hoja kubwa. Simu nzuri iliyofungwa kwenye tripodi inatosha. Jihadharini tu na unyevu wa pwani: kamera ikitolewa kwenye chumba chenye eisi na kupelekwa nje ghafla, lenzi hufanya ukungu. Iacheni huko nje ndani ya mkoba wake nusu saa kabla ya kuanza.

Fedha iliyopo iende kwenye chakula, usafiri na sauti. Nasisitiza sauti, kwa maana mtazamaji husamehe picha ya giza lakini hasamehe mazungumzo yasiyosikika, na hofu yenyewe huingilia masikioni. Chukua yule jini wa kike anayesimuliwa sana hapa Mombasa, mrembo wa baibui mwenye kwato za punda. Ukizionyesha kwato hizo kwa plastiki ya bei rahisi, watu watacheka. Onyesha upindo wa baibui ukiburura sakafuni, kisha gonga vifuu viwili vya nazi juu ya sakafu ya jiwe, kimoja kizito kidogo kuliko kingine, maikrofoni ikiwa karibu kiasi cha shubiri mbili. Pigo moja, kimya, mapigo mawili. Usikimbilie kuukata huo ukimya.

Kabla ya kupiga, zima feni na friji, na funguo za gari uziweke ndani ya friji ili usiondoke bila kuiwasha tena. Katika kila chumba rekodi dakika moja ya ukimya wake, kwani mhariri ataihitaji kuziba mapengo. Ratiba ipishe adhana, kwa heshima na kwa sababu misikiti ya Mji wa Kale imekaribiana mno. Alfajiri nayo ina kunguru wake. Damu ni shira ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kuipa uzito, lakini ijaribuni kwanza kwenye kitambaa kikuukuu, maana rangi ile haitoki kwenye leso ya kuazima.

Majirani na mzee wa mtaa waarifiwe mapema. Niliwahi kulisahau hilo, na ukemi wa mwigizaji wetu saa saba za usiku ukawaleta wanaume sita mlangoni, wawili wakiwa na panga. Tuliwaomba radhi kwa kahawa chungu na kashata, tukapoteza saa nzima.

Vibali navyo vifuatiliwe mapema: kibali cha kupiga ni kimoja, na uainishaji wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuionyesha hadharani ni kingine. Ukitaka Fort Jesus, zungumza na Makavazi ya Taifa. Wimbo wa taarabu usikike redioni kwa ruhusa tu, kwa kuwa haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake.

Katika kuhariri, hadithi ya pili kwa ubora itangulie, na iliyo bora kuliko zote ifunge. Fremu ifungue kwa dakika tatu, irejee dakika mbili baada ya kila hadithi kati ya zile tatu za mwanzo, na ifunge kwa tatu. Ikibainika kwamba hadithi moja ni dhaifu, iondoe nzima badala ya kuipunguza hapa na pale. Msimulizi wake usimwondoe. Abaki ameketi pale ukumbini, kimya, bila yeyote kumuuliza neno.