Nyaya za breki na gia za baiskeli kwenye baridi kali: jinsi ya kuzuia zisigande

Mkono wa breki uliokuwa laini jana jioni, leo asubuhi ukiuvuta haurudi. Gia inapanda vizuri kwenye spoketi kubwa, lakini ukitaka ishuke haishuki. Wengi hapo hulaumu waya, wakaupaka grisi nyingi na kuongeza tatizo. Waya wenyewe ni chuma, na chuma hakijali baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kinachoganda ni maji yaliyojificha ndani ya kava, yaani ule mrija unaoufunika waya, na kinachokaza ni ile grisi. Kwa hiyo kazi yote ya kuandaa baiskeli kwa msimu wa baridi ni kuyazuia maji yasiingie kwenye kava, kuyapa njia ya kutoka yakiingia, na kutumia mafuta yasiyogeuka nta.

Dalili huanza wakati wa kurudi kwa sababu vidole vyako vina nguvu kuliko springi. Ukivuta, unaweza kuupitisha waya hata mahali penye barafu kidogo. Ukiachia, kazi yote inabaki kwa springi ya breki au ya kihamisha mnyororo (kile kifaa cha nyuma kinachosogeza mnyororo toka spoketi moja hadi nyingine), nayo hushindwa na msuguano mdogo tu. Matone machache ya maji yanatosha. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ndani ya kava nafasi ya kutanukia haipo, hivyo barafu inaubana waya pande zote.

Maji huingia kwenye midomo ya kava, hasa ile inayotazama juu, kisha hushuka na kukaa mahali pa chini kabisa. Mahali pabaya kuliko pote ni kile kipande kifupi cha kava kilichopinda nyuma, kinachoingia kwenye kihamisha mnyororo: kiko karibu na gurudumu, kinarushiwa matope na theluji, na tumbo lake linashika maji kama bakuli. Cha pili ni kijia cha plastiki chini ya ekseli ya pedeli, ambamo waya hupita wazi. Pale barafu hujijenga kwa nje na kuufunika waya wote. Ukiwa na dakika tano tu za kuishughulikia baiskeli, zitumie sehemu hizo mbili.

Kabla ya kufungua chochote, iingize baiskeli kwenye chumba chenye joto kwa saa moja, kisha jaribu tena. Ikiwa laini, tatizo ni maji au grisi nzito, na usafi utatosha. Ikibaki nzito hata kwenye joto, basi kuna kutu, waya umechanika nyuzi, au kava imevunjika kwa kupindwa. Hapo usipoteze mafuta yako. Badilisha waya na kava kwa pamoja. Waya mpya ndani ya kava yenye kutu huharibika upesi.

Kusafisha bila kufungua bolti

Fremu nyingi zina vishikio vya kava vyenye mpasuo pembeni. Hivyo vinakuwezesha kuitoa kava bila kugusa bolti inayobana waya, na marekebisho ya gia hayapotei.

1. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli na upandishe mnyororo hadi spoketi kubwa kabisa. Simamisha pedeli. Sasa, bila kuzizungusha tena, rudisha mkono wa gia hadi namba ya spoketi ndogo kabisa. Mnyororo utabaki juu na waya utalegea.

2. Chomoa kava kwenye kila kishikio kupitia ule mpasuo. Kwa breki za mikono miwili mirefu, ibane mikono hiyo pamoja kwa kiganja na uchomoe kibomba kilichopinda ambacho waya hupitia kuingia kwenye breki. Hapo waya wa breki nao utalegea.

3. Telezesha kila kipande cha kava mbele na nyuma. Kisichoteleza ndicho chenye ugonjwa. Vyote vikiteleza vizuri na gia bado haiendi, achana na waya, angalia mkono wa gia wenyewe: grisi ya zamani ndani yake huganda na kuzuia meno yake madogo yasishike.

4. Futa waya ule uliokuwa umefichwa ndani ya kava kwa kitambaa kikavu. Uking'ang'ania nyuzi za kitambaa, waya umeanza kukatika, badilisha.

5. Pulizia kwenye mdomo wa kava dawa nyepesi ya kufukuza maji, kwa mfano WD-40, hadi kinachotoka upande wa pili kiwe safi. Hiyo ni ya kusafishia tu, kwa sababu sehemu kubwa yake huruka hewani. Acha kava ining'inie wima, ikiwezekana usiku kucha mahali pakavu penye joto.

6. Weka matone mawili au matatu ya mafuta mepesi kwenye waya, pale panapokaa ndani ya kava. Telezesha mara kumi hivi, futa yaliyozidi, rudisha kila kitu mahali pake na uzungushe pedeli taratibu hadi mnyororo ushuke wenyewe.

Unapopulizia, funika rimu au diski kwa kitambaa. Tone moja la mafuta likifika kwenye viatu vya breki, utakuwa na waya laini na breki isiyoshika, na hilo ni hatari kuliko waya mgumu.

Ujue pia kava yako ni ya aina gani. Baadhi ya kava za gia hutoka kiwandani zikiwa na grisi ya silikoni ndani ya mrija wake wa plastiki. Ukizipulizia dawa umeiondoa, na itabidi urudishe mafuta yanayofaa. Nyaya zilizopakwa tabaka laini la plastiki mara nyingi hutakiwa kubaki bila mafuta kabisa. Fuata maelekezo ya aliyezitengeneza.

Kuhusu mafuta, kipimo cha kweli ni friza. Weka tone la kila mafuta uliyo nayo kwenye kifuniko cha chuma, acha usiku kucha kwenye friza, ambayo kwa kawaida iko karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha kiinamishe kifuniko mara tu unapokitoa. Linalotiririka linafaa. Linaloganda mahali pake lisikaribie kava zako. Grisi ya kawaida ya beringi hushindwa mtihani huu, na mafuta mazito ya mnyororo yaliyotengenezwa kwa ajili ya mvua huwa hayafurahishi pia.

Wakati wa kufunga mpya

Ukiweza, badilisha nyaya na kava kabla msimu haujaanza. Kazi hii ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi haifanyiki vizuri. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6, wa gia 1.1 au 1.2. Chagua chuma kisichoshika kutu, hasa ikiwa barabara zenu humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, kwa maana chumvi hiyo hula waya wa kawaida haraka sana.

Kava ya breki huwa na unene wa milimita 5, na ndani yake kuna chuma bapa kilichosokotwa kama springi. Ya gia ni milimita 4 au 5, na vyuma vyake vimelala kwa urefu, vikishikiliwa na plastiki tu. Usitumie kava ya gia kwenye breki hata kwa dharura. Ukibana breki kwa nguvu zote inaweza kupasuka, na inapasuka wakati huo huo unapoihitaji kuliko wakati wowote.

Kata kava kwa mkasi maalumu wa nyaya, si pilasi ya kawaida inayoiponda. Lainisha ncha kwa tupa hadi iwe bapa, kisha fungua tundu la mrija wa ndani kwa msumari mwembamba, maana ukataji huliziba. Weka kikofia kila mwisho. Kwa baridi, nunua vikofia vyenye mpira wa kuzuia maji, na kwenye kipande cha nyuma kinachofika kwenye kihamisha mnyororo tafuta kile chenye mdomo mrefu au kijimpira chenye mikunjo kinachoufunika waya.

Urefu wa kava una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Fupi mno hukunjika kwa pembe kali na kuubana waya. Ndefu mno hutengeneza tumbo la ziada, na kila tumbo ni kisima. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Kava isivutike wala isibonyee. Fremu ikiruhusu, pitisha kava moja nzima kutoka mkono wa gia hadi nyuma. Inaongeza msuguano kidogo, lakini midomo ya kuingiza maji inabaki miwili badala ya sita, na kwa msimu wa baridi biashara hiyo ina faida.

Waya unaopita ndani ya fremu usiuchomoe hivi hivi. Kwanza pitisha mrija mwembamba wa plastiki juu yake hadi utokeze upande wa pili, ndipo uvute waya. Mrija huo ndio utakaouongoza waya mpya.

Mwisho kaza bolti inayobana waya. Nyingi hutaka takriban Nm 6 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini angalia namba ya kifaa chako. Vuta mkono wa breki kwa nguvu mara kumi ili kava zikae, kaza upya, kata waya ukiacha sentimita 3 au 4, na ubane kikofia cha ncha.

Mahali pa kuilaza na mambo ya njiani

Kibanda cha baridi kisichopashwa joto ni bora kuliko kuiingiza ndani kwa dakika ishirini na kuitoa tena. Joto fupi huyeyusha theluji, maji hutiririka kwenye kava, na nje yanaganda. Ama ikauke kabisa ndani, ama ibaki nje. Vyovyote iwavyo, ikung'ute theluji kabla ya kuiweka, na usiioshe kwa maji ya mkandamizo.

Kabla ya kuondoka, bana breki zote mbili mara kadhaa na uchague gia ya kati, ili ikiganda njiani uweze kufika bila kuumia magoti. Ukiwa unaendesha, gusa breki na ubadilishe gia kila baada ya dakika chache hata kama huna haja. Mkono wa breki usiorudi au usiovutika kabisa ni amri ya kushuka na kutembea, hasa mbele yako kukiwa na mteremko.

Gia ikikwama, shika kile kipande cha kava cha nyuma na ukipinde kidogo kidogo huku na huku ili barafu ivunjike, kisha uvute waya ulio wazi mbali na fremu kama uzi wa upinde na kuuachia. Chupa ndogo ya spiriti ya isopropili, mililita 30 tu, inafaa kubebwa: matone machache kwenye mdomo wa kava huyeyusha barafu na kuchanganyika na maji yasigande upesi. Usimwage maji ya moto, yatazama ndani zaidi na kuganda huko. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Moto wa kiberiti utayeyusha plastiki. Na kwa kuwa spiriti hailainishi chochote na huosha mafuta yaliyokuwepo, rudia hatua ya tano na ya sita jioni hiyo hiyo.

Pedeli zikizunguka bure bila kusukuma gurudumu, hilo si suala la waya. Ni grisi iliyokaza ndani ya friwili, ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayoshikwa na mnyororo, na dawa yake iko huko.