Jinsi ya kumweleza fundi wa nakshi maikroRNA

Ami yangu huchonga milango hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Alipopatikana na saratani ya utumbo mpana aliniuliza, maana mimi ni mtu wa maabara: "Ilianzaje, mwanangu?" Sehemu ya jibu ni maikroRNA, vipande vidogo vinavyozuia seli kutengeneza protini fulani. Nilimwonyesha picha za seli kwenye simu, akaitikia kwa adabu tu. Kesho yake nikamfuata karakanani. Nawe ukiwa na mzee wa kumweleza, mfuate kwenye kazi yake.

Chukua kielelezo cha yungiyungi. Cha asili hukaa sandukuni; hiyo ndiyo DNA, yenye maagizo ya seli. Kinachotolewa kwenda kwenye ubao ni nakala ya karatasi, yaani RNA mjumbe, na seli huchonga protini kwa kuifuata. Sasa kata kipande kidogo, ukichore mistari inayooana na sehemu moja ya nakala, ukibandike hapo. Patasi ikifika, inasimama. Hicho ndicho maikroRNA: RNA fupi ya herufi 22 hivi, haitengenezi protini, kazi yake kuzuia.

Hapa usiharakishe. Mpe akibandike mwenyewe. Ami alikigeuza mara tatu hadi mistari ikakutana, akasema, "Kumbe hukaa penye mistari yake tu." Naam, ila mistari hiyo huwamo katika nakala nyingi, ndiyo maana maikroRNA moja huzuia protini nyingi.

Kisha mwonyeshe inavyoharibika. Vipande vinavyozuia amri ya kuongezeka hupungua: maikroRNA iitwayo let-7 huzuia RAS, protini inayoiamuru seli iongezeke, na mwaka 2003 watafiti waliripoti kuwa nyingine mbili, miR-143 na miR-145, zimepungua kwenye uvimbe wa utumbo mpana. Vingine huzidi vikafunika breki, kama miR-21 inavyozuia PTEN na PDCD4, protini zinazozuia seli kuongezeka ovyo. Lakini usimwachie maikroRNA kuwa chanzo pekee. Mara nyingi kielelezo cha sandukuni nacho kina kasoro, hasa jeni ya APC, ambayo nayo ni breki, na kinyama kinachoota ndani ya utumbo huchukua miaka mingi kuwa saratani.

Akiuliza dawa, mwambie kweli: ya maikroRNA kwa saratani hii ingali kwenye utafiti. Asiahirishe upasuaji kuingojea.

Ami aliuliza habari za wanawe. Jibu uwe nalo tayari: mtoto au ndugu wa mgonjwa aanze kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia mgonjwa, utakaotangulia. Mzee akigundulika na 47, mwanawe aende na 37. Na yeyote atakayeona damu chooni asingoje umri.