Uzio wa zege: pima kama utaungika kabla hujalipa

Mteja akinipigia simu kuhusu uzio wa nguzo na slabu za zege, huuliza bei kwanza. Mimi namuuliza: hizo slabu ulizoziona zinaingia kwenye nguzo? Jibu lipatikane uani kwa muuzaji, siku ambayo hela bado iko mfukoni.

Nenda na futi, timazi na vijana wanne. Chagua mwenyewe nguzo tano kutoka katikati ya rundo, upime upana wa mfereji, yaani ule mwanya wa ubavuni mwa nguzo ambamo slabu huingia, juu, katikati na chini. Slabu ya unene wa sentimita 5 mimi naitakia mfereji wa 6. Ukiwa 5 na nusu, nguzo ikiinama kidogo tu slabu inakwama njiani, haishuki wala haitoki. Ukiwa 7 inacheza, utamaliza saruji kuziba. Mwaka 2019, Kigamboni, nilipima juu peke yake. Kumbe chini mifereji ilikuwa imebana. Vijana walichonga kwa patasi siku mbili, kingo zikabanduka, na mpaka leo nikipita pale naumia.

Uzito hauhitaji mizani. Mita moja ya ujazo ya zege ina kama kilo 2,400, kwa hiyo slabu ya mita 2 kwa nusu mita, unene sentimita 5, ni kilo 120. Watu wanne, kilo 30 kila mmoja. Si mbaya, ila kumbuka: nguzo zikishakaza, kila slabu huingilia juu, hata ile ya chini kabisa. Uzio wa mita 2 maana yake kila kipande kinapanda mita 2 ndipo kishuke. Kama winchi haifiki kwenye kiwanja chako, chukua slabu za sentimita 25. Zitakuwa nyingi mara mbili, lakini watu wawili juu ya kichanja wanaziweza bila kuumia migongo.

Sasa jaribu. Simamisha nguzo nne, zikaze kwa mawe, ujaze nafasi tatu. Nafasi ya kwanza usiihesabu, vijana wanajifunza. Ya tatu ndiyo ipime: dakika ngapi, watu wangapi, na slabu imetolewa na kurudishwa mara ngapi. Hiyo ya mwisho naiamini kuliko saa. Zikifika mara mbili kwenye nafasi moja, naondoka.

Uliza pia nguzo za kona, zenye mifereji kwenye pande mbili zinazopakana. Asiyekuwa nazo atakuacha unakata na kuungaunga. Na pima kiwanja chako mapema ujue nafasi ya mwisho itabaki na upana gani. Slabu fupi iagize itengenezwe, maana ukiikata kwa grinda nondo zinabaki wazi na kutu inaanzia hapo.

Upana wa mfereji, uzito na idadi ya kila aina viandikwe kwenye oda, muuzaji asaini, ili lori likileta kitu kingine uligeuze getini.