Paka wa mtaa kwenye matuta ya mboga: nini kinafaa, nini kinaharibu

Ukilima tuta, ukalisawazisha kwa reki na kusia mchicha, umemtengenezea paka choo. Hafuati mboga. Anafuata udongo tifutifu, mkavu juu, unaofukulika kwa ukucha. Udongo wa volkano wa Moshi na Arusha una sifa hizo zote, hasa Julai hadi Oktoba, na tena Januari na Februari kabla masika hayajaanza. Kwa hiyo usihangaike kumfukuza paka. Hangaika na udongo: usiwe laini, usiwe mkavu, usiwe wazi.

Kabla ya kumlaumu, hakikisha ni yeye. Paka hufukua, hujisaidia, kisha hukwangua udongo akafukia; utaona kikilima kidogo chenye alama za kucha pembeni. Kinyesi kilichoachwa wazi, chenye mbegu nyingi za matunda na magamba ya jongoo, kikirundikana mahali palepale kila siku, ni cha fungo. Nguchiro naye hafukii. Hao matandazo, yaani mabua au nyasi za kufunika udongo, hayawazuii sana.

Kinyesi kiondoe kila siku, na sababu yake ni hii: paka mwenye vimelea vya toksoplasma hutoa mayai ambayo hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 nje ili yakomae. Ukikiwahi asubuhi ileile umekata mnyororo. Ukikiacha kikavunjikia kwenye udongo wenye unyevu, mayai yanaweza kukaa zaidi ya mwaka. Vaa glovu au funika mkono kwa mfuko wa plastiki, chota kwa koleo pamoja na udongo uliokizunguka, tumbukiza kwenye choo cha shimo au fukia mbali na mboga na kisima. Usikitupe kwenye mboji, kwa maana mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kutosha kuyaua mayai hayo. Klorini, chumvi na siki pia haviyaui. Mama mjamzito asiifanye kazi hii kabisa, kwani vimelea hivyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili naye amwachie mwingine.

Mboga ya kupika haina shida ikiiva vizuri. Shida iko kwenye kachumbari: giligilani, karoti, saladi. Osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka huku ukisugua, na karoti menya. Tuta lililochafuliwa sana lipande mahindi au maharage msimu huo, si saladi.

Sasa kinga yenyewe. Kwa tuta lililosiwa leo, hakuna kinachoshinda wavu wa kuku wenye matundu ya inchi 1, uliolazwa juu ya udongo. Paka akikanyaga, kucha zinanasa na hawezi kufukua. Akijaribu mara mbili tatu anahama. Kata wavu uzidi upana wa tuta kwa sentimita 15 kila upande, ukunje kingo ziingie ardhini, kisha ubane kwa vipande vya nondo ya milimita 6 vilivyopindwa kichwani, kila baada ya nusu mita. Ukiacha ukingo umenyanyuka, paka ataingia chini yake, na kuku watafuata. Mchicha, mnafu na figiri vitapenya matundu vyenyewe, ila usivune kwa kung'oa: mizizi itainua wavu na kuvuruga miche ya jirani. Kata kwa kisu sentimita 5 juu ya ardhi, nayo itachipua tena.

Karoti usiilazie wavu, maana mzizi ukinenepa unabanwa kwenye tundu. Iwekee matao: fito za mita 2, ncha zote mbili zichimbiwe sentimita 20, tao hadi tao sentimita 60, kwa tuta la upana wa mita 1. Juu yake funga wavu au neti ya kivuli, na kingo zifike chini kabisa.

Kama hela ya wavu haipo, tumia vijiti. Matawi ya mgrevilea yaliyopogolewa yanafaa: kata urefu wa sentimita 30, chomeka sentimita 10 ardhini, kijiti hadi kijiti sentimita 15. Watu wengi huchomeka kwa nafasi ya sentimita 40 kisha wanasema njia haifanyi kazi. Paka anahitaji mahali pa kugeuka na kuchuchumaa tu. Ukimwachia nafasi hiyo ataitumia. Usitumie matawi ya mnyaa, yaani manyara, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya.

Miche ikishakua, weka matandazo, lakini chagua. Mabua ya mahindi yaliyolazwa kwa kupishana yanafaa. Maranda na pumba za mpunga ni kosa kubwa: ni laini na zinanyonya mkojo, ndizo paka anazozitafuta. Majivu makavu ni hivyo hivyo. Mbolea ya maji ya dagaa au utumbo wa samaki nayo inamwita kwa harufu.

Mwagilia jioni, kwa sababu paka huja zaidi usiku na alfajiri, na udongo uliolowa haupendi. Kwa nyanya elekeza maji kwenye shina, majani yakilala yamelowa ukungu utaingia. Bustani ya gunia ni rahisi: mwaga kokoto unene wa sentimita 3 juu, ukizunguka miche.

Pilipili ya unga huoshwa na maji siku moja, tena humuumiza macho mnyama bure. Vidonge vya kufukuzia wadudu wa nguo na mafuta ya taa vinachafua udongo unaokula kutoka kwake. Sumu isiguswe kabisa: itaua mbwa na kuku wa mtaa, panya watabaki wakila mahindi yako, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Na usimkamate paka usiyemjua kwa mikono. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa.

Paka mwenye mwenyewe, nenda kwa jirani taratibu. Piga hodi, msalimie, mweleze umefunika matuta, na muombe jambo moja: atenge choo cha paka kwake. Ukiwa na uwanja fanya hivyo hata wewe: kona kavu yenye kivuli, mita 1 kwa mita 1, mchanga laini kina cha sentimita 20, mbali na jiko na kisima. Siku ya kwanza hamishia hapo kinyesi kidogo ili harufu imwelekeze, kisha safisha kila asubuhi. Mchanga ukilowa na kushikana, ubadilishe, la sivyo atarudi kwenye tuta.