Cobh, Ireland: jinsi ya kuuzunguka mji kwa siku moja

Ukifika Cork usiondoke bila kwenda Cobh, inatamkwa Kov. Unapanda treni steshoni ya Kent, haifiki hata nusu saa. Vaa raba maana mji uko mteremkoni na zile barabara zinapanda kwelikweli.

Ushauri wangu, anzia juu. Wengi wakishuka treni wanazubaa chini kwenye maduka, kuja kukumbuka kanisa wameshachoka. Wewe panda moja kwa moja mpaka kanisa kuu la Mtakatifu Colman, ujenzi ulianza 1868 na mnara ukakamilika 1915. Lina kengele 49, na mpigaji anakaa kule juu anazipiga kwa ngumi kwenye kinanda chake, kama umebahatika siku ya kupigwa tulia usikilize. Kisiwa unachokiona mbele ni Spike, zamani gereza, siku hizi boti zinapeleka watalii.

Ukishuka pitia West View upige picha zile nyumba za rangirangi, halafu nenda uwanja wa Casement kwenye mnara wa kumbukumbu ya Lusitania, meli iliyozamishwa na nyambizi ya Wajerumani tarehe 7 Mei 1915 wakafa karibu watu 1,200. Waliookolewa wengi waliletwa hapa, na maiti pia. Makaburi yao ya pamoja yako Old Church Cemetery nje kidogo ya mji, chukua teksi, jamani hapo msipite haraka.

Halafu Titanic. Tarehe 11 Aprili 1912, wakati huo mji unaitwa Queenstown, abiria 123 walipandia hapa, ndo bandari yake ya mwisho. Meli ilitia nanga nje huko, watu wakapelekwa na boti ndogo. Ofisi ya White Star Line, kampuni iliyokuwa na Titanic, sasa ni makumbusho, ila mimi ningekwambia angalia kwanza nyuma yake, zile nguzo za mbao zilizochakaa zimesimama majini ndo mabaki ya gati walilopandia zile boti ndogo.

Mwisho rudi upande wa steshoni kwa sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili, yeye ndo mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, tarehe 1 Januari 1892. Tangu wakati wa ile njaa kubwa ya Ireland, viazi vilipooza mashambani, Waayalandi kama milioni 2.5 waliondokea bandari hii kati ya 1848 na 1950, na habari zao zimeelezwa vizuri sana kwenye makumbusho yaliyo ndani ya jengo la steshoni, kwa hiyo ingia humo huku unasubiri treni.