Bomu la machozi: shughulika na unga, si moshi

Kinachoitwa gesi ya machozi si gesi. Aina inayotumika sana, CS, ni unga laini mno unaorushwa angani pamoja na moshi wa kopo la bomu. Unga huo hunata kwenye jasho, nywele na nguo, na utaendelea kukuwasha hata ukishafika mbali, mpaka uuoshe.

Kwa hiyo, ukienda kwenye maandamano, maandalizi huanzia nyumbani. Usijipake mafuta, yanaushika unga kwenye ngozi. Acha lenzi za macho, maana unga ukiingia nyuma yake hautoki. Vaa miwani ya kawaida, au ya kuogelea ukiwa nayo. Vaa mikono mirefu na viatu vya kufunga. Beba lita moja ya maji kwenye chupa uliyotoboa tundu dogo kwenye kizibo, na nguo za kubadili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na akae pembeni mwa umati, si katikati.

Mkifika, tazama upepo unatoka wapi na chagua njia mbili za kutokea.

Bomu likianguka, tembea kuelekea upepo unakotoka, ukikata upande. Usilale chini: wingu hilo hushuka na kukaa mabondeni na kwenye mitaro. Usikimbie pia, kwani kukanyagana huumiza watu vibaya kuliko moshi wenyewe. Kopo usiliguse, linaunguza.

Ukishapata hewa safi, usifikiche macho. Inamisha kichwa upande, mimina maji kutoka kona ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, ili uchafu usiingie jicho la pili. Macho yakiendelea kuwaka, suuza kwa dakika 10 hadi 15. Maziwa, siki, limau na dawa ya meno viache. Maji matupu yanatosha. Nguo ya kuvulia kichwani ni afadhali uikate kuliko kuipitisha usoni. Kisha oga kwa sabuni na maji mengi, ukiinama mbele unapoosha nywele. Utawashwa upya kidogo. Ni unga unaotoka.

Kwa kawaida nafuu huja ndani ya nusu saa. Kifua kikizidi kubana au macho yakibaki na ukungu, nenda hospitali.

Kuna jambo watu husahau wakiwa wanakohoa: ushahidi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2020 kuhusu haki ya kukusanyika kwa amani, inasema gesi hii iwe hatua ya mwisho, itanguliwe na onyo la mdomo, watu wapewe nafasi ya kutawanyika, na isitumike mahali palipofungika. Basi andika saa, kama onyo lilisikika, dakika ngapi zilipita kati ya onyo na bomu, na kama njia ya kutokea ilikuwa wazi. Kopo lipige picha pale pale lilipo, maandishi ya ubavuni yasomeke.