Somo: Injini inayotetemeka kwenye sailensa baada ya kuifungua na kuifunga mwenyewe

Ukishabadilisha gasketi ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) au ya silinda hedi kwa mikono yako, ukawasha gari, na injini ikatetemeka kwenye sailensa, yaani ikiunguruma ukiwa hujakanyaga mafuta, usikimbilie kununua sensa. Kama kabla ya kazi ilikuwa inatulia, rudi kwanza kila mahali ulipopitisha mikono, kwani mara nyingi kasoro iko hapo hapo: mpira uliosahauliwa, soketi ambayo haikuingia mpaka ikalia, au boliti ambayo haikukazwa.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Injini ya petroli ikishapata moto, sailensa ya magari mengi hukaa kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika. Mshale wa mizunguko ukipanda na kushuka bila kutulia, shuku hewa. Mtikisiko ukija kwa mdundo mmoja unaojirudia, shuku silinda moja isiyochoma. Taa ya injini ikipepesa, zima gari mara moja, kwa sababu petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega ya kusafisha moshi (katalitiki) yaliyo ndani ya bomba la moshi na kuyayeyusha.

Hatua ya pili, ambayo naomba msiiruke, ni kutafuta hewa ya wizi. Kwenye sailensa throto (mlango wa hewa ya injini) inakuwa karibu imefungwa, hivyo ndani ya manifoldi kuna mvuto mkali, na upenyo mdogo tu huingiza hewa ambayo sensa ya hewa haikuihesabu. Mchanganyiko unapungukiwa petroli na injini inayumba. Ukikanyaga mafuta, hewa halali huwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani tena, ndiyo maana gari hutulia barabarani na kusumbua likisimama. Injini ikiwa inaunguruma, pulizia maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi na mipira yake, mbali na waya za plagi, koili na feni. Mlio ukibadilika, umepata mahali. Usitumie petroli wala dawa inayoshika moto karibu na bomba la moshi lenye joto.

Mimi mwenyewe niliwahi kufungua manifoldi mara mbili bure. Kosa lilikuwa kwenye mpira wa kurudisha mvuke wa oili: juu ulikuwa mzima kabisa, lakini chini, kwenye kona, ulikuwa umechanika. Nilipopitisha kidole nilihisi kikivutwa, na ule mlio wa "sss" ukanyamaza.

Hatua ya tatu ni kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, kwa skana. P0171 inaelekeza kwenye mchanganyiko wenye petroli pungufu. P0300 ni kumisi (silinda kushindwa kuchoma) kusikochagua silinda. P0302 ni kumisi kwa silinda ya 2. Ukipata P0302, hamishia koili ya silinda ya 2 kwenye ya 3, futa kodi, kisha washa tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, kisha kagua nozeli (kinachopulizia petroli) na soketi yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sikugusa manifoldi, nilisafisha throto tu na kufungua betri. Sasa sailensa iko juu. Nimeharibu nini?

Jibu: Huenda hujaharibu kitu, ndugu yangu. Kompyuta ilikuwa imezoea throto yenye kaboni, na sasa hewa inapita kwa wingi zaidi. Zima taa na kiyoyozi, acha injini ipate moto na iungurume dakika kumi hivi, kisha endesha kawaida. Baadhi ya magari hayajifunzi mpaka utumie skana, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako.

Swali: Nimebadilisha gasketi ya hedi, na silinda ya 2 na ya 3 zote zinamisi. Koili na plagi ni nzima.

Jibu: Pima kampresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini huku nyingine ziko sawa, gasketi inavujisha katikati yake, au hedi haikusawazishwa kabla ya kufungwa. Zote nne zikiwa chini kwa pamoja, angalia kwanza alama za taiming (mpangilio wa kufunguka kwa vali na mwendo wa pistoni), maana huenda mkanda wake umeruka jino. Ukilazimika kufungua tena, weka gasketi mpya, kaza boliti kwa awamu ukianzia katikati kwenda pembeni kwa kipimo cha mtengenezaji, na zile boliti zinazovutika zikikazwa usizirudishe.